Harufu ya uvundo kwenye buti ya gari? Anza na tairi ya spea

Msimu wa mvua ukifungua buti ukakutana na harufu ya uvundo, usiishie kupulizia manukato. Nyanyua kapeti, toa tairi ya spea, papasa shimo lake hadi chini. Maji hujikusanya humo kimya kimya. Kwenye BMW nyingi, na Toyota Prius za kizazi cha pili na cha tatu, betri ya volti 12 iko huko huko nyuma. Unyevu ukiingia kwenye plagi za nyaya, pini huota kutu ya kijani, kisha taa zinawaka ovyo na betri inaishiwa chaji gari likiwa limelala.

Kabla hujagusa kitu, chomoa waya hasi wa betri. Nyaya za rangi ya chungwa za haibridi (gari la injini na umeme, kama Prius) zina umeme mkali; mwachie fundi wake, tafadhali.

Kutafuta panapovuja, laza kiti cha nyuma mtu amulike tochi kutoka ndani, mwingine amwage maji taratibu kwa mpira, akianzia chini kupanda juu. Mara nyingi ni gasketi (kizibo cha kuzuia maji) ya taa ya nyuma, hasa kwa gari lililowahi kugongwa. Badilisha gasketi yenyewe. Silikoni ya kupaka juu juu huachia. Kapeti ianikwe nje, sponji yake hukauka polepole mno.