Kabla ya kuweka jina lako kwenye pakiti ya kahawa

Wengi wanaotaka kuanzisha chapa yao ya kahawa hapa Tanzania huanza na nembo na rangi ya pakiti. Ushauri wangu ni kuanza na gunia. Mavuno mengi huangukia nusu ya pili ya mwaka, lakini mteja ataitaka kahawa ileile hata mwezi Machi. Kwa hiyo jiulize kwanza kama una fedha za kununua akiba ya kufika msimu ujao, na chumba kikavu cha kuihifadhi. Kahawa hunyonya harufu upesi. Usiiweke jirani na sabuni wala mafuta ya taa.

Kisha piga hesabu ya kikaangio. Kahawa safi, yaani iliyokobolewa lakini haijakaangwa, hupungua uzito kwa takriban asilimia 15 hadi 18 inapokaangwa, na ukiikaanga sana itapungua zaidi. Gunia la kilo 60 litakupa kama kilo 50, yaani pakiti 200 za gramu 250. Anayepanga bei kwa kudhani atapata pakiti 240 amekwisha kuila faida yake kabla hajalipia umeme, vifungashio na usafiri. Hesabu hii ifanye kwa kalamu, tena zaidi ya mara moja.

Kabla ya kulipa, omba sampuli, ikaange na uionje. Unyevu uwe kati ya asilimia 10 na 12. Ukizidi hapo, kahawa itaota ukungu ghalani. Chambua punje zenye matundu ya wadudu na zile nyeusi. Nunua kwenye chama cha msingi cha ushirika wa wakulima, AMCOS, au kwa njia nyingine inayotambuliwa na Bodi ya Kahawa, na uwaulize Bodi kuhusu leseni mapema. Usishawishike na butura, ule ununuzi wa Kagera wa kahawa ikingali mtini kwa bei ya kumkandamiza mkulima. Ni kosa kisheria, na kwangu ni dhuluma: huwezi kuandika sifa za mkulima kwenye pakiti huku umemnyonya.

Mashine ya kukaangia si lazima uwe nayo mwanzoni. Mlipe mwenye mashine akukaangie, ila uwepo, uandike muda na joto, ili kahawa ya mwezi ujao isiwe na ladha nyingine. Ikitoka motoni kahawa hutoa hewa ya ukaa kwa siku kadhaa, hivyo tafuta mifuko yenye vali, kitundu kinachotoa hewa nje bila kuingiza nyingine.

Usajili wa jina na alama ya biashara uko BRELA, wakala wa usajili wa biashara, na wa bidhaa ya chakula uko TBS, shirika la viwango. Ukitaka kuuza Zanzibar, alama husajiliwa huko kivyake.

Mfikirie pia mnywaji. Nyumba nyingi hazina kinu cha kusagia, na wengi wamezoea ya kukoroga tu kwenye maji moto. Uza iliyosagwa, na mgongoni mwa pakiti eleza namna ya kuipika kwa sufuria na chujio la chai, vijiko vingapi kwa vikombe vingapi.

Maduka makubwa yatataka mali kauli. Wape kiasi ambacho hata kikichelewa kulipwa miezi miwili bado utaweza kununua gunia linalofuata, na tarehe ya malipo iandikwe kwenye ankara, isainiwe siku ya kupokea mzigo.