MikroTik na modemu ya USB: ruta ipige laini inapohitajika tu

Mwongozo huu ni kwa mwenye ruta ya MikroTik na laini ya bando inayohesabiwa kwa MB au kwa muda. Laini isiyo na kikomo iache hewani, usijisumbue.

1. Chomeka modemu, fungua Terminal kwenye Winbox (programu ya kusimamia ruta za MikroTik), kisha andika `/interface ppp-client print`. Kwa kawaida utaikuta `ppp-out1` imeshajitengeneza.

2. Tengeneza profaili yenye muda wa kukata laini isipotumika:

`/ppp profile add name=akiba idle-timeout=5m`

Usiruke hatua hii. Bila kuwekwa, muda huo haupo kabisa, na laini ikishapanda haijishushi yenyewe.

3. Washa upigaji. Kwenye `apn` weka APN (jina la lango la intaneti) inayotumiwa na kampuni yako ya simu:

`/interface ppp-client set ppp-out1 apn=internet phone="*99#" profile=akiba dial-on-demand=yes add-default-route=yes use-peer-dns=no disabled=no`

4. Ruhusu kompyuta za ndani zitoke:

`/ip firewall nat add chain=srcnat out-interface=ppp-out1 action=masquerade`

5. Sasa DNS (huduma inayogeuza jina la tovuti kuwa anwani), panapokwamisha wengi. Ukiiachia kampuni ya simu ikupe seva za DNS, laini ikishuka seva hizo zinaondoka nayo. Mtu anafungua tovuti, kompyuta inaiuliza ruta, ruta haina wa kumuuliza. Hakuna pakiti inayotoka, kwa hiyo hakuna kinachoiamsha laini. Ndiyo maana hapo juu nimeweka `use-peer-dns=no`. Ziandike mwenyewe:

`/ip dns set servers=8.8.8.8,1.1.1.1 allow-remote-requests=yes`

Halafu funga bandari 53, UDP na TCP, kwa maombi yanayoingia kupitia `ppp-out1`, la sivyo watu wa nje watajibiwa na ruta yako.

6. Jaribu kwa ping. Za mwanzo zitapotea wakati modemu inapiga, ni kawaida. Kabla haijaunganika, ukitazama `/ip route print` utaona geti la 10.112.112.x. Hilo ni la bandia, kazi yake ni kunasa pakiti ya kwanza, usilifute.

Laini ikikataa kulala, endesha `/tool torch ppp-out1` uone nani anaongea. Mara nyingi ni simu zinazosasisha programu kimyakimya, au ruta yenyewe ikiulizia saa. Zima NTP na saa ya wingu:

`/system ntp client set enabled=no`
`/ip cloud set update-time=no`

Netwatch (zana ya ruta ya kukagua kama anwani iko hewani) inayopiga ping anwani ya nje kila dakika nayo iondoe: kwa muda wa dakika 5 tuliouweka, laini haitashuka kamwe.