Ukiwa na VVU, ulizia pia homa ya ini aina ya B

Mtu anayeishi na virusi vya Ukimwi hapa Kisumu anaweza kuhudhuria kliniki miaka mingi bila kukosa, akaambiwa kila mara kwamba virusi havionekani tena katika damu yake, na bado asijue kama ana homa ya ini aina ya B. Kipimo cha wingi wa VVU hakisemi lolote kuhusu homa hiyo. Maradhi haya mawili huambukizwa kwa njia zinazofanana, yaani damu, ngono, na mama kumwambukiza mtoto, na yakikutana katika mwili mmoja ini huharibika upesi zaidi.

Basi siku ya kuchukua dawa, muulize mhudumu waziwazi: "Daktari, nimewahi kupimwa homa ya ini ya B, na majibu yameandikwa wapi?" Kipimo chenyewe ni chepesi: kidole hudungwa, tone la damu likawekwa kwenye kifaa kidogo, na baada ya dakika chache mistari hujitokeza, mistari miwili maana yake virusi vimo. Omba majibu yaandikwe pia mahali unapoweza kuyabeba, kwa sababu faili hubaki kliniki nawe huenda kesho ukahamia Nakuru au Busia.

Ikiwa huna virusi hivyo, omba chanjo. Watoto wetu huipata ndani ya chanjo ya pamoja wakiwa na wiki 6, 10 na 14, ila utaratibu huo ulianza nchini mwanzoni mwa miaka ya 2000, kwa hiyo wengi wetu tuliozaliwa kabla ya hapo hatukuipata. Kwa kawaida mtu mzima hudungwa mara tatu: leo, baada ya mwezi mmoja, na miezi sita baada ya ile ya kwanza. Hiyo ya tatu ndiyo rahisi kusahaulika, kwa hiyo iandike mapema.

Ikiwa unavyo, tembe ya VVU iitwayo TLD ambayo wengi wetu humeza kila siku tayari inakutibu. Ndani yake mna tenofoviri miligramu 300, lamivudini miligramu 300 na dolutegraviri miligramu 50, na hizo mbili za kwanza hukandamiza virusi vya Ukimwi na vya ini kwa pamoja. Hapa ndipo ninapokusihi uwe makini kuliko pote: usiiache ghafla, iwe kwa sababu ya safari, maombi, au kujisikia umepona. Dawa ikikatika, virusi vya ini vinaweza kuamka kwa nguvu na ini likavimba hata kuhatarisha maisha. Daktari akitaka kukubadilishia dawa, labda kwa ajili ya figo, mkumbushe kwamba una homa ya ini, kwani tenofoviri ikiondolewa na lamivudini ikabaki peke yake, virusi vya ini huizoea, na sindano za VVU za kabotegraviri na rilpivirini za kila miezi miwili haziviathiri kabisa.

Macho yakigeuka manjano, au mkojo ukawa na rangi ya chai isiyo na maziwa, nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Nyumbani, wembe na mswaki viwe vyako peke yako, kwani virusi hivi huweza kuishi nje ya mwili kwa siku 7 au zaidi, na mwenzi wako na watoto wapimwe na kuchanjwa. Achana na chang'aa na busaa. Mahindi yaliyoota ukungu ghalani usiyachambue ukasaga yaliyobaki, maana sumukuvu, yaani sumu ya ukungu huo, haionekani kwa macho wala haiondoki kwa kupikwa, na ikiungana na homa hii huongeza sana hatari ya saratani ya ini. Dawa za mitishamba mtajie daktari kabla ya kuzinywa.

Na wewe unayekwenda visiwani kuvua kwa majuma kadhaa, iambie kliniki mapema ikupe tembe za kukutosha, kisha uzifunge vizuri zisipate maji ndani ya mashua.