Unaenda kuendesha Marekani? Soma hii ya simu na redio koli kabla hujawasha gari

Wadau wa barabarani habari zenu. Mimi niko hapa Dodoma, lori nimeendesha miaka mingi, Singida, Kahama mpaka Rusumo, na mdogo wangu wa damu saivi anaendesha semi kule Ohio, kwa hiyo kila kijana wa hapa Kizota akipata karatasi za Marekani lazima anitafute, kaka eti sheria ya simu kule ikoje. Nimejibu mmoja mmoja hadi nimechoka, leo naandika yote hapa, mwenye ndugu anayejiandaa kwenda amtumie.

Kwanza kabisa futa kichwani hilo swali lenyewe. Kwa dereva wa kawaida hakuna sheria ya simu ya Marekani nzima, kila jimbo lina yake, na majimbo yako 50. Sisi tumezoea sheria moja, ukikamatwa Kibaigwa au Kigoma ni kitabu kile kile na kosa la gari ni elfu 30 ile ile. Sasa chukulia unatoka Dodoma unaelekea Singida, ile unavuka tu kuingia Manyoni, kitu ulichokuwa unaruhusiwa kufanya na simu pale Bahi kinageuka kosa. Kule ndo iko hivyo. Kwa hiyo swali la kujiuliza kila asubuhi ni leo napita majimbo gani.

Chukua Ohio na jirani yake Pennsylvania. Ohio walibana sheria yao kuanzia tarehe 4 Aprili 2023, huruhusiwi kushika simu gari likiwa linatembea, ila ukisimama kwenye taa nyekundu unaweza ukaishika, na kuna nafasi ya kuongea ukiwa umeiweka sikioni kama umepokea kwa kugusa mara moja tu. Meseji na video hapana. Faini inafika dola 150 kwa mara ya kwanza na pointi 2 kwenye leseni, ukirudia inapanda. Sasa vuka mpaka uingie Pennsylvania, wao sheria yao imeanza tarehe 5 Juni 2025, pale hata ukiwa umesimama kwenye taa, hata kwenye foleni ambayo haijasogea nusu saa, simu mkononi ni kosa. Mwaka wa kwanza waliamua kutoa onyo la maandishi, baada ya hapo faini ya dola 50. Barabara ni ile ile, dereva ni yule yule, kibao kimoja tu cha mpaka ndo kimebadilisha kila kitu.

Haya, sasa wale wa malori nisikilizeni vizuri maana hapa ndo mdogo wangu alipojikwaa. Nimesema hakuna sheria ya nchi nzima kwa dereva wa kawaida, ila dereva wa gari kubwa la biashara linalovuka majimbo sio dereva wa kawaida, yeye ana sheria ya serikali kuu inayomfuata kila jimbo, ya simu ya kushika ilianza tarehe 3 Januari 2012. Mdogo wangu alisikia Ohio unaweza ukaweka simu sikioni akajua na yeye yumo, akasimamishwa akiwa na semi, simu iko sikioni anaongea na mama. Ule msamaha wa Ohio haukumsaidia kitu. Wakati inawekwa sheria hii ilitaja adhabu ya hadi dola 2,750 kwa dereva na hadi 11,000 kwa kampuni, ndo maana kampuni zinakuwa kali sana, na ukikutwa na makosa mawili ya aina hiyo ndani ya miaka mitatu leseni yako ya malori inasimamishwa siku 60, matatu siku 120. Siku 60 bila usukani na kodi ya nyumba inasubiri, kijana fikiria hiyo. Na kwa sheria hii kusimama kwenye taa au kwenye foleni bado unahesabika unaendesha, mpaka utoke barabarani uegeshe sehemu salama.

Kinachoruhusiwa kwa lori ni hivi: simu iwe karibu na wewe, uifikie ukiwa umekaa umefunga mkanda, na ubonyeze kitufe kimoja tu kupokea au kukata. Kuinama kuitafuta chini ya siti au kunyoosha mkono hadi unainuka kwenye kiti ni kosa hata kama hujaongea neno.

Kwa hiyo fanya maandalizi gari likiwa limezimwa. Nunua stendi ya simu, ya kung'ata kwenye dashibodi ni nzuri zaidi kuliko ya kubandika kiooni, kwa sababu kuna majimbo yanapima mpaka sehemu ya kioo unayobandika, California kwa mfano ni kile kipande kidogo cha kona ya chini, inchi 7 upande wa abiria na inchi 5 upande wa dereva, na simu ikishakaa pale unaigusa au kutelezesha kidole mara moja basi. Na usijidanganye kwamba unaangalia ramani tu, mahakama ya rufaa ya California mwaka 2025 ilisema kuishika simu kuangalia ramani ni kosa vilevile. Weka ramani yote kabla hujaondoka, unganisha bluetuthi, washa ile ya kujibu meseji yenyewe kwamba naendesha.

Masikio nayo. Vijana wetu mnapenda kuziba masikio yote mawili, Ohio hilo haliruhusiwi, California pia hapana. Madereva wa malori kule wanavaa kifaa cha sikio moja chenye maiki mdomoni, nunua hicho, utatumia miaka.

Kuhusu redio koli watu wengi wanaogopa bure. Ile sheria ya malori ya 2012 haikugusa redio za CB, yaani ile redio ya madereva yenye chaneli 40, haihitaji leseni, nguvu yake ni wati 4 za kawaida, chaneli 19 ndo madereva wanapeana habari za ajali, barafu na mizani, chaneli 9 ni ya dharura. Mimi naipenda hii kitu kwa kweli, ni kama sisi tunavyowashiana taa kuambiana mbele kuna jambo, ila wao wanaongea. Ila angalia, simu yenye kitufe cha kubonyeza-uongee haihesabiki kama CB, hiyo ukiishika ni simu. Fundi afunge redio vizuri, maiki ining'inie karibu na mkono, waya usipite kwenye usukani wala pedeli.

Sasa onyo kubwa, na hili naomba usilipuuzie. Usibebe kile kiredio cha mkononi cha Kichina ukafika nacho kule ukakitupa ndani ya gari. Hapa kwetu redio za mawasiliano zinataka kibali cha TCRA, na kule kuna majimbo kama Indiana, Kentucky na New York yana sheria zinazobana kuwa na redio inayonasa mawasiliano ya polisi ndani ya gari, na vile viredio vingi vinanasa. Wewe ni mgeni, lafudhi yako inasikika, halafu askari akute unaweza kumsikiliza, huo sio mwanzo mzuri. Wenye leseni ya redio za ridhaa, yaani wale wanaorusha redio kwa kupenda tu sio kwa biashara, wanalindwa, tume ya mawasiliano ya kule, FCC, iliamua mwaka 1993 kwamba majimbo yasiwabane hao kwa sababu ya redio zao. Kama unapenda redio kweli fanya mtihani, wa ngazi ya kwanza una maswali 35, unatakiwa upate 26, ada ya FCC dola 35, na nakala ya leseni ikae ndani ya gari.

Sheria hizi zinabadilika kila mwaka, New York walianza kukataza simu ya kushika 2001, jimbo la Washington wakakataza meseji 2007, na hadi leo majimbo yanaendelea kuongeza. Kwa hiyo kila ukipangiwa safari mpya fungua kitabu cha dereva cha jimbo husika, kinapatikana bure mtandaoni kwa ofisi ya leseni ya jimbo, au lile jedwali la GHSA, chama cha ofisi za usalama barabarani za majimbo, linaloonyesha majimbo yote. Ukikuta mawili yanatofautiana fuata lile kali njia nzima. Dharura ni tofauti, kupiga 911, namba yao ya dharura, kwenye ajali kwa kawaida kunaruhusiwa.

La mwisho ni letu sisi tuliobaki huku. Ile siku mdogo wangu anasimamishwa, aliyempigia ni mama, kutoka Kondoa, na niliyempa simu ni mimi. Huku ilikuwa saa 2 usiku, tumekula tumetulia, kule ni saa 7 mchana yuko katikati ya barabara na tani za mzigo. Tofauti ni masaa 7, kipindi chao cha baridi inakuwa 8. Saivi tumekubaliana nyumbani hatumpigii, tunamwachia ujumbe wa sauti, akishaegesha anapiga yeye, na mama akipokea kabla hata ya salamu anamuuliza, baba umezima gari?