Namna ya kufundisha mwendo na wakati ndani ya treni ya Dodoma

Mwanafunzi akikuuliza kama mwendo ni wa hakika au ni wa kulinganisha, usimwandikie fasili ubaoni. Mpandishe treni. Nafundisha fizikia sekondari hapa Dodoma, na tangu reli ya kisasa (SGR) ianze kuleta abiria huku mwaka 2024 hili ndilo somo ninalolipenda kuliko yote.

Bebeni zabibu chache (zisipokuwepo sokoni, ndimu inatosha), chupa ya maji iliyojaa nusu, na simu yenye programu ya kuonyesha kasi kwa GPS. Kaeni dirishani.

Subirini treni ishike mwendo mmoja kwenye njia iliyonyooka, tuseme kilomita 160 kwa saa. Mwambie aachie zabibu kutoka usawa wa meza. Itaanguka wima, miguuni pake. Sasa muulize: mchunga ng'ombe aliyesimama nje pale Gulwe, kama behewa lingekuwa la kioo, angeona nini? Mwache akokotoe mwenyewe. Zabibu imetumia sekunde 0.4 hivi kufika chini, na treni inakata mita 44 kila sekunde. Kwa mchungaji, zabibu imechora upinde na kusonga mbele karibu mita 18.

Hapa usiharakishe, na usimwambie nani kaona sawa. Mwache atafute jaribio lolote, ndani ya behewa bila kuchungulia nje, litakalothibitisha kwamba yeye ndiye anayekwenda na Gulwe imetulia. Hatalipata. Galileo alilieleza jambo hili mwaka 1632 kwa kutumia meli. Na huyo mchungaji aliyesimama anabebwa na Dunia kuelekea mashariki kwa zaidi ya kilomita 1,600 kwa saa, wala hahisi kitu. Mkiingia kwenye mahandaki ya upande wa Kilosa, rudieni zabibu: dirisha ni giza, simu imepoteza setilaiti, na bado inaanguka wima.

Kisha chupa. Treni inapofunga breki kuingia Morogoro, maji huinama upande mmoja. Abiria anaona yameinama, na aliye nje naye angeona hivyo hivyo. Mchapuko, yaani kubadilika kwa mwendo, haufichiki. Ndiyo maana huniumiza kusikia watu wazima wakimfundisha mtoto kwamba, kwa mujibu wa Einstein, kila kitu ni cha kulinganisha. Nadharia yake ya mwaka 1905 imesimama juu ya kitu kisichobadilika: mwanga wa taa ya mbele ya treni unakwenda karibu kilomita 300,000 kwa sekunde kwa dereva, na ni hizo hizo kwa mchungaji. Kasi ya treni haiongezwi juu yake. Sasa kasi ni umbali kugawanya kwa muda. Kama hao wawili wanapata jibu moja la kasi ya mwanga, basi umbali na muda wanaopima ndivyo vinavyotofautiana. Newton, mwaka 1687, aliuchukulia wakati kuwa mmoja kwa wote. Hapo ndipo fizikia ilipomwacha.

Mtoto atataka ushahidi, na ni haki yake. Mwonyeshe simu. Setilaiti za GPS ziko zaidi ya kilomita 20,000 juu yetu. Mwendo wa setilaiti hizo huzichelewesha saa zilizomo ndani yake mikrosekunde (sehemu za milioni za sekunde) 7 hivi kwa siku, na uvutano hafifu wa huko juu, ambao nao hugusa wakati, huziharakisha 45. Zinabaki 38 za kusahihishwa kila siku, muda ambao mwanga hukata zaidi ya kilomita 11.

Mmalizie kwa hesabu ya nyumbani. Dodoma iko mita 1,100 na ushei juu ya usawa wa bahari, hivyo saa ya atomiki iliyowekwa hapa huitangulia ya pwani Dar es Salaam kwa nanosekunde (sehemu za bilioni za sekunde) kama 10 kila siku. Mwendo wa treni wenyewe, safari nzima, unampunguzia abiria chini ya nanosekunde moja.

Atauliza saa ipi basi ndiyo ya kweli. Mjibu kwamba zote: kila moja imehesabu sawasawa muda wa njia iliyopita yenyewe, na siku saa hizo zikiwekwa meza moja, wa Dodoma na wa Dar watasoma tofauti ile ile.