Namna ninavyomlisha farasi wa msokoto wa tumbo

Farasi hatapiki. Akishameza kibaya, hakirudi tena. Tumbo lake la chakula ni dogo kwa mwili ule, lita 8 hadi 15 tu. Kazi kubwa ya kusaga nyasi iko nyuma, kwenye utumbo mpana, na vijidudu vya huko havitaki kushtukizwa. Mimi ni saisi, mtunza farasi, huku Karen, Nairobi. Walionikesha usiku kwa msokoto, yaani maumivu makali ya tumbo, karibu wote walikuwa farasi wastaafu wa mbio, waliolelewa kwa ndoo za nafaka na kushinda bandani.

1. Jua uzito wake. Tepu ya fundi cherehani inatosha. Zungushia kifua nyuma ya miguu ya mbele, kisha pima urefu toka ncha ya bega hadi ncha ya tako. Mzingo mara mzingo mara urefu, gawanya kwa 11,880. Mzingo wa sentimita 185 na urefu wa 165 ni kama kilo 475.

2. Nyasi kwanza. Mpe asilimia 2 ya uzito huo: huyu wetu wa kilo 475, kilo 9.5 za hei (nyasi kavu) kwa siku. Nyasi ya Boma Rhodes ni nzuri mradi haijakomaa ikawa vijiti. Ingiza mkono katikati ya robota. Ukikuta joto au vumbi la ukungu, litupe hata kama umelilipia. Gawa mara nne, fungu kubwa liwe la usiku, maana usiku ni mrefu na tumbo tupu ndilo adui.

3. Maji. Lita 25 hadi 50 kwa siku. Julai huku kwetu asubuhi ni baridi, farasi anagusa maji kwa mdomo tu na kuondoka. Changanya ya moto kidogo, lowesha hei, na umpe gramu 30 za chumvi kwenye chakula. Msokoto wa kufunga choo huanzia hapa.

4. Nafaka ipungue. Asiyefanya kazi haihitaji. Anayefanya, isizidi kilo 2 kwa mlo. Ule uji wa pumba za ngano wa kila Jumamosi uache: kwa utumbo wake ni chakula kigeni kila wiki.

5. Badilisha polepole. Hili nililipia. Hei iliisha, nikaleta lusani (alfalfa) mbichi na kumjazia farasi mmoja hori siku hiyo hiyo. Saa tisa usiku alikuwa anagaagaa. Sasa naanza na robo ya chakula kipya, siku nne. Kisha nusu, siku nne. Kisha robo tatu. Hata malisho mabichi ya mvua za Machi namwingiza kwa nusu saa nusu saa.

Meno yakaguliwe kila mwaka, minyoo ipimwe kwenye kinyesi. Usimwagie chakula mchangani.

Akianza kuugua: anajitazama ubavu, anajipiga tumbo kwa kwato, hanyi. Ondoa chakula chote, mpigie daktari wa mifugo. Usimnyweshe mafuta kwa chupa, yataingia mapafuni. Hesabu mapigo ya moyo chini ya taya. Kawaida ni 28 hadi 44 kwa dakika. Yakipita 60, mwambie daktari namba hiyo kabla hata ya salamu.