Kuchuja Mkojo na Kuhesabu Mayai: Namna ya Kupima Kichocho Unguja na Pemba

Kichocho cha mkojo kinapokuwa kimeenea, kukigundua si kazi ngumu: mtoto anakojoa damu, mkojo unaonekana mwekundu ndani ya kikopo, na kichujio kinapowekwa chini ya darubini mayai yanajitokeza kwa makumi. Visiwani kwetu hali hiyo imebadilika. Kati ya mwaka 2012 na 2017, wananchi wa Unguja na Pemba walipewa dawa mara mbili kwa mwaka, na katika baadhi ya shehia (maeneo madogo ya utawala) ziliongezwa juhudi za kuua konokono na za kubadilisha tabia za watu katika kutumia maji. Maambukizi mengi yaliyobaki ni mepesi, na mgonjwa anaweza kutoa yai moja au mawili tu katika mililita 10 za mkojo. Kwa sababu hiyo, kazi ngumu ya maabara siku hizi si kuyahesabu mayai mengi, bali ni kuwa na haki ya kuandika sufuri. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya wanafunzi wa maabara na wasaidizi wa utafiti wanaokwenda skuli na vijijini, na nitakaa zaidi katika zile hatua ambazo yai moja huweza kupotelea.

Kabla ya kugusa kikopo

Mdudu tunayemtafuta ni Schistosoma haematobium, ambaye daktari wa Kijerumani Theodor Bilharz alimgundua mjini Cairo mwaka 1851. Minyoo wazima huishi ndani ya mishipa ya damu inayozunguka kibofu, dume na jike wakiwa wamekumbatiana, na jike hutaga mayai ambayo sehemu yake hupenya na kutoka na mkojo. Yaliyosalia hunasa katika nyama ya kibofu na ya njia ya mkojo, nayo ndiyo yanayoleta madhara: damu, maumivu, kuziba kwa mirija inayotoka kwenye figo, na kwa wengine, baada ya miaka mingi, saratani ya kibofu. Yai likifika kwenye maji baridi, yaani yasiyo ya chumvi, huanguliwa, na kiumbe kinachotoka humtafuta konokono, ambaye baadaye huachia majini viluwiluwi vinavyomwingia mtu anayeyagusa maji hayo. Kwetu konokono huyo ni Bulinus globosus, anayepatikana kwenye mito, mabwawa na mabonde ya Pemba na ya sehemu za kati na kaskazini za Unguja. Kusini mwa Unguja, kwenye ardhi ya mawe isiyohifadhi maji juu, konokono huyo hayupo na ugonjwa hauambukizwi huko.

Nimeeleza jiografia hii kwa sababu inahusu kipimo moja kwa moja. Mtoto anayesoma skuli moja anaweza kuwa anakaa shehia nyingine, na Ijumaa jioni akaenda kwa bibi yake karibu na mto. Daftari linaloandika jina la skuli pekee haliwezi kumwambia mtu yeyote pa kwenda kumtafuta konokono. Andika shehia anayolala, na umuulize kwa upole anakoga wapi, anafulia wapi na anavuka wapi kwenda shambani.

Kazi ikiwa ni ya utafiti, kibali cha kamati ya maadili ya utafiti wa afya kiwe mkononi kabla ya kuanza, sheha, yaani mkuu wa shehia, awe ameshaarifiwa, na wazazi wawe wametoa ridhaa yao kwa maandishi. Mtoto naye aulizwe, na akikataa asilazimishwe.

Mkojo unaofaa

Mayai hayatoki kwa kiasi kimoja kutwa nzima. Hutoka kwa wingi karibu na adhuhuri, hivyo mkojo uchukuliwe kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana. Wapo wanaowataka watoto waruke au wakimbie kidogo kwanza, na hilo halina ubaya. Siku ya Ijumaa haifai sana, kwa kuwa skuli nyingi humaliza masomo mapema kupisha sala, na matokeo yake ni mikojo ya saa mbili asubuhi ambayo haitoi picha ya kweli. Mwezi wa Ramadhani ni bora kuahirisha kabisa, kwani wanaofunga hutoa mkojo mchache na si haki kuwahimiza wanywe maji.

Kila mtoto apewe kikopo kikavu chenye mfuniko, na namba iandikwe ubavuni mwa kikopo, si juu ya mfuniko, maana vifuniko ndivyo vinavyobadilishana mahali vikopo kumi vinapofunguliwa kwa pamoja mezani. Wasichana na wavulana waende vyoo tofauti, na msimamizi wa kike awepo. Akae karibu kiasi cha kujua kwamba kila mmoja ameleta mkojo wake mwenyewe, kwa sababu mtoto aliyeshindwa kukojoa huazima kwa rafiki yake bila nia mbaya, na matokeo ya watu wawili yakaharibika kwa pamoja. Msichana aliye katika siku zake mkojo wake unaweza kuchujwa, lakini damu itakayoonekana isihesabiwe kuwa ni ya kichocho.

Kikopo kisisuuzwe kwa maji kikaachwa na unyevunyevu, wala mkojo usiongezwe maji ili ufike kipimo. Yai la kichocho limeumbwa kuanguliwa linapokutana na maji baridi, na likishaanguliwa huwezi tena kulihesabu. Weka vikopo ndani ya sanduku la ubaridi, mbali na jua, na uvifikishe maabara siku hiyohiyo. Ikiwa safari ni ndefu au kazi itachelewa, ongeza formalini, dawa ya kuhifadhia mayai, mililita 1 isiyochanganywa na maji kwa kila mililita 100 za mkojo. Formalini ni sumu, kwa hiyo itiwe na mtu aliyevaa glavu, mahali penye hewa, na kamwe si mbele ya watoto.

Kijiti cha kupima damu kwenye mkojo kinaweza kutumika hapohapo skuli, kabla ya formalini kuongezwa. Kichovye mara moja, ukungute matone, kisha usome rangi kwa kuilinganisha na ile iliyo kwenye chupa baada ya muda ulioandikwa na watengenezaji, usikadirie kwa jicho. Kipimo hiki ni rahisi na kinasaidia kuwatambua wenye maambukizi mazito, lakini palipo na maambukizi mepesi huwapita wengi, na mimi sioni kwamba kinaweza kusimama peke yake katika shehia ambayo ugonjwa unakaribia kwisha.

Kuchuja

Unahitaji bomba la sindano la mililita 10 lisilo na sindano, kishikio cha kichujio chenye kipenyo cha milimita 13, kichujio chenye matundu ya kati ya maikromita 12 na 20, kibano kisicho na ncha kali, slaidi na iodini ya Lugol ya kuyapaka mayai rangi. Matundu ya ukubwa huo hupitisha mkojo na kulizuia yai, ambalo urefu wake ni wa zaidi ya maikromita 100.

Hatua inayodharauliwa kuliko zote ni kuchanganya. Mayai ni mazito na hutuama, na kikopo kilichosafiri kutoka kijijini kikakaa mezani saa nzima kitakuwa na mayai yake yote chini. Ukivuta mkojo wa juu utakuwa umechuja maji matupu. Pindua kikopo kilichofunikwa taratibu mara kadhaa, au vuta na kurudisha mkojo kwa bomba mara mbili tatu, kisha hapohapo, bila kusubiri, vuta mililita 10 kamili. Mkojo ukipungua, chuja uliopo na uandike kiasi chake halisi. Usiandike 10 kwa mazoea.

Funga kishikio mdomoni mwa bomba na usukume polepole juu ya beseni. Ukisikia ugumu, usitumie nguvu: kichujio kikichanika mayai yatapita, nawe hutajua. Mkojo wote ukishapita, kitoe kishikio kwenye bomba ukiwa umekisimamisha wima, vuta hewa ndani ya bomba, ukifunge tena na usukume hewa hiyo. Hewa huondoa mkojo uliobaki na kuyabana mayai juu ya kichujio. Kisha fungua kishikio, kamata ukingo wa kichujio kwa kibano na ukilaze kwenye slaidi, upande uliokuwa umeelekea bomba ukiwa juu. Kikilazwa kinyume, mayai yatabaki chini ya kichujio na hutayaona vizuri. Tia tone moja la iodini, ngoja sekunde 15, halafu soma mara moja kabla hakijakauka.

Vichujio vya nailoni huweza kufuliwa na kutumika tena, na maabara zenye bajeti ndogo hufanya hivyo. Pale ambapo yai moja linaamua kama shehia nzima ifuatiliwe au isifuatiliwe, nashauri kila mkojo upate kichujio kipya. Yai lililoganda tangu jana litamfanya mtoto mzima aitwe mgonjwa.

Kusoma

Anza na lenzi ya 10, kona moja ya kichujio, na uende mstari kwa mstari mpaka ukimalize chote, kwa kuwa kipimo hiki hakina sampuli ya sehemu. Yai la kichocho cha mkojo linafanana na punje ya mpunga iliyonona, yenye mwiba mfupi katika ncha yake moja, nalo likiwa na iodini huwa na rangi ya machungwa iliyokolea. Ukilitilia shaka, geuza lenzi ya 40 na uutafute mwiba. Kwenye mkojo ambao haukutiwa formalini, kabla iodini haijaua, kiumbe kilichomo ndani huweza kuonekana kikitikisika, na huo ni ushahidi kwamba yai li hai. Yai jeusi lililokauka na kuwa kama jiwe limekufa zamani, na pengine linatoka kwa mtu aliyekwisha kupona, hivyo liandikwe katika safu yake. Chembechembe za chumvi huwadanganya wanagenzi, lakini pembe zake ni kali na hazina mwiba mmoja wala kitu chochote ndani.

Hesabu mayai yote na uandike idadi kwa mililita 10. Kwa vigezo vya Shirika la Afya Duniani, mayai 1 hadi 49 ni maambukizi mepesi, na 50 au zaidi ni maambukizi mazito. Msimamizi asome tena slaidi moja katika kila kumi bila kuonyeshwa jibu la kwanza, na majibu yakitofautiana wote wawili wakae darubini moja.

Baada ya hayo yote, mkojo mmoja bado hautoshi kumthibitisha mtu kuwa hana kichocho, kwa sababu jike huenda hakutaga mayai ya kutosha siku hiyo. Chukua mkojo wa siku mbili au tatu mfululizo kwa kila unayemtilia shaka. Kipo pia kipimo kinachotafuta antijeni ambayo minyoo hai huitoa ndani ya damu, nayo ikafika kwenye mkojo. Kilipolinganishwa na kuchuja hapa Zanzibar, kiliwaona wagonjwa wengi ambao kichujio kiliwakosa. Gharama na vifaa vyake ndivyo vinavyokizuia kufika kwenye vituo vya shehia.

Yai likionekana

Mgonjwa apewe prazikwanteli, miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito wake, kwa mara moja, chini ya usimamizi wa mhudumu wa afya na baada ya kula, kwani kwa mwenye njaa dawa hii huchafua tumbo. Vidonge vimezwe bila kutafunwa, maana ni vichungu sana. Dawa huua minyoo wazima lakini haiwamalizi walio wachanga, kwa hiyo mtu aliyeambukizwa wiki mbili kabla ya kumeza anaweza kuonekana na mayai baadaye bila ya dawa kuwa imeshindwa. Mpime tena baada ya wiki sita hivi.

Kisha nenda naye, pamoja na mzazi wake, mpaka kwenye maji anayoyatumia. Njia hii ya kupima, kutibu, kufuatilia hadi mtoni, kupima waliopo hapo na kuwatibu imejaribiwa kaskazini mwa Pemba, nami naiona kuwa ndiyo inayokipa kichujio thamani yake. Konokono wakikusanywa, wasihukumiwe kwa jicho tu: kichocho cha ng'ombe, Schistosoma bovis, kimepatikana Pemba ndani ya konokono hao hao na kwa ng'ombe pia, na viluwiluwi vyake havitofautishwi na vya binadamu bila kipimo cha vinasaba. Mayai yake hutoka na kinyesi cha ng'ombe na ni marefu zaidi, yenye ncha zilizochongoka, hivyo afisa mifugo wa wilaya apate taarifa siku moja na daktari.

Majibu yarudi kwa mzazi kwanza, kwa faragha, na kwa sheha ifike idadi bila majina.